Madoido ya Bibi Safia

Nyumbani kwetu Alunguli, neno "madoido" lilikuwa hukumu isiyokatiwa rufaa. Bibi Safia alilitamka juu ya kila kinachong'aa bila kazi: viatu vya rangi ya dhahabu, pikipiki yenye taa za mapambo, hata jogoo wa jirani. Alilitamka kwa uchovu, kama mtu anayefunga dirisha.

Wiki ya harusi ya dada yangu Aïcha, alilitamka juu ya gauni lake.

"Ile madoido haitavuka muto pamoja na miye."

Lilikuwa balaa. Kwetu, bibi ndiye humshika bibi-arusi mkono ndani ya mtumbwi, mpaka ng'ambo ya mto, mtaa wa Kasuku, kwa mume. Asipokuwepo, watu husema msichana amefukuzwa. Aïcha alilia siku mbili.

Mimi, niliyekuwa likizoni kutoka bweni la masista, nililishughulikia jambo hilo kwa hekima yote niliyofundishwa huko. Niliomba nyuzi za kung'aa za Noeli kwa jirani yetu, Mama Euphrasie, nikazishona kwenye ukingo wa mtandio mweusi wa Bibi. Atacheka, niliwaza, kisha atalegea.

Alhamisi akaukunjua mbele yetu sote. Hakucheka. Aliketi mkekani, akazipapasa zile nyuzi.

"Umetoa hizi kwa Euphrasie?"

"Ndiyo, Bibi."

"Hata zile za wakati wa vita, njo yeye alinipa."

Baba yetu, Masudi, akainuka. "Mama, basi."

"Ikala chini, bibi-arusi."

Baba akakaa. Hakuna aliyethubutu kucheka.

"Mji ulikuwa umefungwa," Bibi alisema. "Wenye bunduki walikuwa wanakamata vijana, na siku ile wangepita nyumba kwa nyumba. Huyu baba yenu alikuwa na miaka kumi na sita. Nikamuvalisha shela, mapazia, shanga za mutaa muzima, na nyuzi za Noeli. Kivukoni askari akasema, 'Madoido gani haya!' Akacheka, akatuacha. Nani atafunua bibi-arusi?"

Akauweka mtandio magotini.

"Babu yenu alikuwa amekufa asubuhi ile. Alikuwa ndani, chini ya shuka, hajaoshwa. Na miye niko kivukoni, napiga vigelegele."

Aïcha alisema atavaa kikwembe tu, kitenge cha kawaida.

"Hapana. Vaa gauni yako, nitaenda. Lakini vigelegele usiniombe, vyangu viliisha siku ile." Akaninyooshea kidole. "Huyu mushonaji njo atapiga."

Jumamosi tukavuka. Wanawake wengine walipopumzika kupiga vigelegele, mimi sikuruhusiwa. Mpiga kasia aliniuliza kama ninaumwa. Baba alitazama maji. Bibi alimshika Aïcha mkono, macho ameyafumba, na kichwani pake nyuzi za Noeli zilimetameta, hakuzifumua.

Karibu na ng'ambo sauti ilinikauka.

"Hatujafika," alisema Bibi bila kufumbua macho. "Endelea."