Punje za Mahindi Hazitupiwi Dado

Siku ya kwanza ya likizo ya chuo chake cha ualimu, Kristina aliliona jambo lile, akanyamaza. Siku ya pili akanyamaza tena. Siku ya tatu lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kila alasiri, barazani kwa Bwana Sleyum, mwenye duka pale Ngamiani, wazee walipigana upya vita vya Mjerumani na Mwingereza. Uwanja wao ulikuwa kitambaa cha kaki kilichotandikwa juu ya mkeka na kuchorwa kwa chaki: hapa Tanga, hapa Pangani, hapa njia ya Mwera. Askari walikuwa vifungo vya shati. Kifungo kikipigwa risasi, mwenyewe alitikisa dado lenye nukta moja hadi sita ndani ya kikombe cha kahawa, akalitupa. Nne kwenda juu, askari kapona. Chini ya hapo, kafa.

Wapagazi walikuwa punje za mahindi. Hao hawakutupiwa kitu. Kikosi kikivuka mto, punje mbili hutiwa kopo la waliokufa, basi.

Mwenye kuzitoa, miaka yote, alikuwa babu yake Kristina, mzee Noa, aliyerudi kutoka vita vile bega moja limeshuka kwa kubebeshwa makasha ya risasi, na bila mdogo wake.

"Nimevuka!" alisema mzee Methusela, aliyekuwa askari kwelikweli. "Noa, toa wawili."

Babu akanyoosha mkono, kama achambuaye mchele.

"Hapana," alisema Kristina, aliyeketi nyuma ya babu.

"Mwalimu kasemaje?" aliuliza Bwana Sleyum.

Uso ulimwaka moto, lakini maneno yalikwisha kutoka. "Shikamooni wazee wangu. Nauliza, mbona hawa hawatupiwi dado?"

Methusela akacheka hadi kofia ikamteleza. "Mjukuu wangu, chuoni mnafundishwa nini? Mpagazi hana bunduki. Apigane na nani, na mbu?"

"Kifungo kikipigwa, hutupiwa ili kipone, si ili kiue. Kupona nako kunataka bunduki?"

"Ala!" Sleyum akapiga paja. "Methusela, leo umeshikwa!"

"Nyamaza wewe, vita umevisikia redioni. Mwanangu, tukimtupia kila mpagazi, tutakesha hapa."

"Kule mlikesha miaka minne, na mizigo yenu ikabebwa." Machozi yakamlenga, akazidi kukasirika kwa kuwa yamemlenga. "Alasiri moja tu inawachosha? Kopo limejaa hilo! Hata mmoja hakupewa bahati yake!"

Sleyum akakisukuma kikombe mbele ya Noa.

Mzee Noa alikishika kwa mikono miwili. Akachagua punje moja, akaiweka peke yake mtoni.

"Huyu ni Timotheo," alisema.

Kristina akauma kanga. Timotheo ndiye mdogo wake babu.

Dado likaruka, likazunguka, likatulia. Mbili.

"Limegusa ukingo wa mkeka," alisema Methusela haraka, bila kumtazama mtu. "Halihesabiwi. Tupa tena, Noa."

"Halikugusa."

"Nimeliona mimi!"

"Linahesabiwa, Methusela. Katupiwa."

Babu hakuitia punje ile koponi. Aliiweka katika mfuko wa shati, akaufunga kifungo. Kisha akaokota ya pili.

"Na huyu ni mimi," alisema, akaanza kutikisa kikombe, na wote wakainama kutazama.