Utumbo Chini ya Matufaha

Harufu ilimpokea getini kabla hajabisha hodi. Samadi aliijua vizuri, na hii haikuwa samadi. Hii ilikuwa nzito, tamutamu, ya kitu kilichokufa kikanyimwa kaburi. Akabana pua kwa ncha ya mtandio, akaingia.

Kazi yake ilikuwa kupima udongo wa mashamba ya matunda. Kwa miaka ishirini alikuwa ametia mikono katika kila aina ya uchafu, hata watu wakamwita Bibi Udongo. Hakuwa mtu wa kuona kinyaa ovyo. Shamba hili la matufaha lilikuwa la mama yake, na tangu baba yao afariki, mdogo wake wa kiume ndiye aliyelitunza. Juzi alikuwa amempigia simu: matunda yameingia madoa, mnunuzi ameyarudisha yote, dada njoo.

"Tazama majani, dada!" mdogo wake alimpokea kwa bashasha. "Kijani mpaka kinaelekea weusi. Na hivi vichipukizi, virefu kunishinda mimi!"

"Naona. Umeilisha nini miti hii?"

"Mbolea ya asili tu."

Bibi Udongo akachuma tunda. Lilijaa kiganja, jekundu la kutamanisha. Akalipasua kwa kisu. Chini ya ganda kulikuwa na vidoa vya kahawia, vikavu kama kizibo cha chupa. Akaonja kidogo, akatema. Chungu.

"Mti umevimbiwa naitrojeni," akasema. "Nguvu zote zinakimbilia majani, tunda linakosa kalsiamu. Huu si ugonjwa, ni ulafi."

"Basi tupulize hiyo kalsiamu, yaishe."

"Nipe sepeto."

"Sepeto la nini tena? Utajichafua bure."

Hapo ndipo alipojua kuna jambo. Akalichukua mwenyewe ukutani, akachimba hatua mbili kutoka shinani. Udongo ulitoka umelowa, wa kijivu, unanuka mayai viza. Hakuona nyungunyungu hata mmoja, wala mdudu, wala chochote chenye uhai. Akashika mzizi, ganda lake likavuka mkononi kama soksi mbichi. Akachimba tena. Sepeto likanasa kitu chenye kuvutika. Akavuta, kikaja, akavuta, kikazidi kuja. Ulikuwa utumbo, mrefu, umejaa uji wa kijani ambao ng'ombe hakuwahi kumaliza kuusaga.

Akatapika palepale, juu ya viatu vyake.

Mdogo wake akacheka. "Dada, pua yako imekuwa ya ofisini siku hizi."

"Umeutoa wapi?"

"Machinjioni. Lori linakuja kila wiki. Damu, utumbo, kila kitu, tena bure. Si wewe uliyesema udongo ulishwe vitu vilivyokuwa hai?"

"Nilisema mboji! Iliyooza ikaiva, ikanukia kama msitu baada ya mvua. Nikasema upime kwanza. Nilikuandikia kurasa nne!"

"Zilikuwa ndefu," akajibu, huku akikwangua tope kwenye soli.

Wakati huo jirani yao, mjane mwenye safu chache za miti ng'ambo ya ua, akatokeza shingo. "Bibi Udongo, afadhali umekuja. Ile mbolea yako imetushinda wenzio. Miti yangu inakauka nchani, na inzi wamehamia jikoni."

"Mbolea yangu?"

"Si wewe uliyeipima? Ndugu yako alituambia dada yake bingwa ameikubali. Tuko watano tuliopokea."

Bibi Udongo akamgeukia mdogo wake. Yeye alikuwa anatazama ardhi. Kinyaa kikahama; kikatoka puani, kikashuka moyoni. Utumbo ni utumbo, haukuchagua kuzikwa pale. Huyu alikuwa amelichukua jina lake, lililomgharimu miaka ishirini, akalimwaga shambani mwa watu pamoja na damu.

"Lori lilikuwa linaleta mzigo mwingi kuliko shamba letu lilivyoweza kumeza," mdogo wake akanong'ona.

Bibi Udongo akaenda jikoni kunawa. Mama yake alikuwa ameziba nyufa za dirisha kwa matambara. Maji ya mtungi, yaliyotoka kisimani, yalikuwa na utando mwembamba wa mafuta.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua, mwanangu. Nikasema nisimvunje moyo mdogo wako."

"Na maji haya unayanywa?"

"Nayachemsha. Siku nyingine natia limau."

Akayamwaga maji nje. Alimpenda mama yake, lakini saa ile hata upole ule ulimtia kichefuchefu.

Mchana akawaita majirani wote watano kwenye lile shimo. "Sijawahi kupima uchafu huu, wala kuukubali," akawaambia. "Mwenye maneno yake yupo." Akamsukumia mdogo wake ule utumbo. "Shika, useme ukiwa umeushika."

Mdogo wake akashika. Akasema, kwa sauti ya mtoto aliyekojoa kitandani. Mjane akatema mate chini, akaondoka bila kuaga.

Kazi ya kusafisha ilikula miezi. Walifukua uozo safu kwa safu, wakachimba mifereji ya kutoa maji, wakatia chokaa kwa kipimo, wakatandaza nyasi kavu na kupanda kunde katikati ya miti. Miti arobaini iling'olewa. Mizizi ilikuwa imekwisha. Kisima kilifukiwa. Miti ya mjane haikupona hata mmoja. Bibi Udongo alimpelekea miche; aliipokea kwa mkono wa kushoto, akafunga mlango.

Msimu wa pili matufaha yalitoka madogo, magumu, hayana doa. Watu wakasema shamba limepona. Mama alikwishahamia kwa Bibi Udongo.

Mdogo wake sasa hupima udongo kila msimu, na humtumia dada yake majibu bila kukosa. Naye humjibu: chokaa kiasi hiki, samadi iliyoiva kiasi hiki. Hamwulizi hali, wala hamwambii anatumiwa salamu na mama. Siku moja mdogo wake alimtembelea, akammiminia kikombe cha chai kwa mkono wake. Bibi Udongo aliitazama ikipoa mpaka mgeni akaaga, kisha akaenda kuimwaga.