Kichwa Kilichosukwa Nusu

Mtoto wa mwisho wa mama mdogo alipoondoka kwenda chuoni, mji wa mbali, nyumba ilikaa kimya mpaka ukasikia friji inavyoguna. Kaka zake wawili walikwishaoa na kwenda zao. Nilibaki mimi, mtoto wa dada yake, niliyemaliza shule ya msingi nikaja kujifunza kusuka katika saluni yake ya chumba kimoja. Lakini mimi sihesabiki, sina makelele.

Mwanzo aliosha mapazia. Yakakauka, akayaosha tena. Halafu akatangaza kwamba anafunga saluni: amepata chumba cha kupanga nyuma ya geti la chuo, atahamia huko awe anampikia Kitinda. Ndivyo tunavyomwita huyo binti.

Kitinda alinipigia simu siku hiyo hiyo, ananong'ona kama mtu aliyejificha chini ya kitanda. Alisema anampenda mama yake, ila wenzake wameshaanza kumtania kwamba mama anakuja kumfulia soksi, na yeye ndiyo kwanza anajifunza kujitegemea. Akaniomba nimzuie. Nikamuuliza nimzuie na nini, kamba sina.

Tiketi ilikatwa ya Jumamosi. Ijumaa, mwenyekiti wa akina mama kanisani akapita saluni, akamkuta mama mdogo anafunga vikorokoro vyake. Hakumshauri lolote. Alisema tu wanakwenda kuwaona wagonjwa wodi ya wanawake, wamepungua, na kama mikono yake haina kazi basi aje abebe chupa ya chai. Mama mdogo akaenda, nami nikafuata nyuma na vikombe.

Wodini kila mmoja alipewa kitanda cha kuombea. Chetu kilikuwa cha mama mmoja mtu mzima, mguu umefungwa plasta ngumu na kuning'inizwa juu. Mama mdogo akamshika mkono, akafumba macho, akaanza vizuri tu. Kisha mdomo ukashika njia yake ya miaka yote. Akamwomba Mungu amsaidie mama yule afaulu mitihani, asifuate makundi mabaya, na awaheshimu walimu wake.

Mimi nilitazama sakafu.

Mgonjwa aliitikia amina, halafu kitanda kikaanza kutikisika kwa kicheko mpaka ule mguu ukabembea. "Mitihani nitajitahidi, dada yangu," akasema. "Ila kwa mguu huu, makundi mabaya itabidi yanifuate hapa hapa kitandani."

Mama mdogo naye akacheka, kisha machozi yakamtoka. Akasema sala nyingine hana; tangu azae amekuwa akiomba hiyo moja, na sasa aliokuwa akiwaombea wameondoka. Mgonjwa akajikuna utosini, akasema basi yeye ana haja ndogo: kichwa kinamuwasha, nywele hazijaguswa tangu aanguke, na hana binti wa kumchana.

Kitana hakikosekani kwenye mkoba wa msusi. Mama mdogo akamfumua, akamchana taratibu kuanzia nchani, akaanza kumsuka mistari, huku anamuuliza: ulianguka wapi, nyumbani kuna nani, usingizi unaupata? Kila alichojibiwa alikigeuza sala palepale, kwa sauti ya chini, macho wazi. Bwana, unga mfupa huu. Bwana, mume wa huyu mpe mtu wa kumpikia. Sikuwahi kumsikia akiomba namna ile, anauliza kwanza.

Kengele ya kuwatoa wageni ikalia akiwa katikati. Upande mmoja mistari imelala vizuri, upande wa pili nywele zimesimama kama zimeona nyoka. Akabembeleza aongezewe muda, nesi akakataa. Mgonjwa akajipapasa pande zote mbili, akauliza kesho atakuja saa ngapi.

Tulipofika saluni akasimama mlangoni, anatazama mizigo.

"Hivi wewe, msusi anaweza kusafiri akaacha kichwa kama kile?"

"Hawezi, mama mdogo."

"Na mimi kila siku namwomba Mungu anionyeshe pa kwenda," akasema, "halafu namtajia na jibu."

Akampigia Kitinda, akamwambia haji tena, kuna mtu anamsubiri wodini. Kitinda akauliza ni nani, na furaha ilivyomshinda kuificha hata mimi niliisikia. Mama mdogo akasema jina hakumuuliza, atamuuliza kesho.

Jumamosi kile kichwa kilikwisha mapema. Nilidhani tutaondoka. Lakini alihamia kitanda cha pili, kwa dada mmoja aliyekuwa akituangalia tangu jana, akamfumua, akaanza kumsuka pole pole mno, yeye ambaye mikono yake ni mashine. Kengele ikamkuta katikati ya kichwa. Akafuta kitana chake, hana haraka.

"Pole, mwanangu," akamwambia. "Itabidi nirudi."