Nyumba ya Rubani Duke

Duke alikufa akiwa kijana mbichi, ndege yake ya kivita ilipodunguliwa vitani ng'ambo ya mpaka, na alikufa bila nyumba. Kufa kwake kulimvunja moyo baba yake, Thadeus. Kukosa nyumba kulimpa kazi ya kufanya, na afadhali kazi.

Maana hapa kwetu Ekerenyo kijana mzima hazikwi kama mpita njia. Sharti awe na esaiga, nyumba yake mwenyewe, hata ya chumba kimoja, alazwe humo kabla ya kaburi. Thadeus alikuwa amemsihi ajenge hadi mate yakamkauka.

"Mimi naishi juu, Tata," Duke alikuwa akimjibu, akicheka.

Na kweli alianza mapema. Akiwa darasa la pili aliruka kutoka mparachichini na majani ya mgomba mikononi, akamwangukia ng'ombe wa jirani yao, Machogu. Ng'ombe alisusa kutoa maziwa wiki nzima. Alipohitimu urubani, Sabato moja aliipitisha ndege chini sana juu ya kanisa. Waumini wakadhani Bwana amerudi, na Machogu, mzee wa kanisa, akaungama kwa sauti kwamba ndiye aliyeiba jogoo wa Thadeus. Ndege ikaenda zake, Machogu akabaki na ungamo lake.

Machogu huyohuyo ndiye sasa aliyejipa usimamizi wa ujenzi.

"Bila paa hii ni zizi tu!" alifoka.

Thadeus alikuwa juu ya ngazi, akipiga misumari na vidole vyake kwa zamu. Kemuma, mkewe, alimshikia ngazi huku akilia na kumkemea.

"Pigilia vizuri, Baba Duke. Mtoto asinyeshewe."

Bati la mwisho lilikaa. Watu wote wakatazama barabarani kungoja gari la jeshi.

Jeshi likaja kwa helikopta. Ilishuka kando ya shamba la chai, migomba ikalala, kofia ya Machogu ikapotea, na mabati yote yakang'oka yakapaa. Moja lilipatikana baadaye njia ya Nyaramba.

"Jeneza lingoje!" Machogu alipiga kelele. "Paa kwanza!"

Thadeus alitazama kuta, akatazama mbingu, kisha akacheka, mara ya kwanza tangu habari zije, mpaka machozi yakamtiririka.

"Hata leo umekataa nyumba," aliliambia jeneza. "Mwingizeni hivyohivyo. Huyu hajawahi kutaka paa."

"Lakini mila..."

"Machogu," alisema Thadeus. "Jogoo."

Machogu akashika pembe ya jeneza, wakaliingiza.

Alasiri mvua ikaja, kama kawaida yake. Kemuma akafungua mwavuli, akaushika juu ya jeneza. Thadeus akasimama kando yake, akashika mpini pamoja naye, nao wawili wakalowa chapachapa.