Gauni la Sampuli

“Na hili nalo?” afisa wa forodha aliuliza, akiliinua gauni jeupe kwa ncha za vidole kama anayeogopa kulichafua.

Fundi Pindo alitazama pembeni. Mashati ya shule aliyokuja nayo yalikuwa tayari mezani, kila moja limekatwa tundu la kupitisha ngumi, na hakuna aliyeyalilia. Ndiyo kanuni. Sampuli haitozwi ushuru, ila lazima iharibiwe mbele, panapoonekana, isije ikauzwa au kuvaliwa. Shati lenye tundu bado linaonyesha kola yake ilivyoshonwa, na kikundi chao cha mafundi kilihitaji hilo tu.

“Sampuli,” alisema.

Neno lilimtoka upesi mno. Alikuwa amelifanyia mazoezi njia nzima. Safari iliyopita maafisa walipiga muhuri tu kwa ndani ya nguo, naye akajiambia, muhuri uliojificha chini ya bitana nani atauona? Hakujua kwamba siku hizi mkasi umechukua kazi ya muhuri. Shati la kwanza lilipokatwa alitamani kulitoa gauni, lakini lilikuwa ndani ya mzigo uleule, na nyuma yake walisimama wenzake wawili wa kikundi. Hao ndio waliomchagua mwenyekiti, wakisema Pindo si mtu wa kona kona.

Jina la Pindo alipewa na wateja, kwa kuwa pindo alilolishona yeye halifumuki hata nguo ichakae. Sifa kubwa, lakini mfinyanzi hulia gae. Binti yake alikua akivaa masalio ya nguo za watu, mkono wa kitambaa hiki, mgongo wa kile, mpaka wenzake shuleni wakambandika jina Bendera. Mtoto alicheka pamoja nao, na kicheko hicho ndicho kilichomchoma mama yake miaka yote. Sasa binti anaolewa, na mama ameapa kwamba safari hii hakuna masalio. Kitambaa kizima, kipya. Dada yake mkubwa, mtarizi aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, alikijaza maua madogo madogo kifuani, kwa mkono, hadi macho yakamuuma.

“Mpelekee mwanangu,” dada alisema wakiagana. “Mwambie mama mkubwa miguu imegoma, ila vidole vyake vimekuja harusini.”

Afisa alikuwa msichana, rika moja na bibi harusi. Alilipitishia gauni kiganja, akateremsha sauti.

“Mama, una hakika? Hili limepimwa kwenye mwili wa mtu. Tazama kiuno kilivyobanwa.”

Alikuwa akimfungulia mlango, na Fundi Pindo aliuona uko wazi. Nimedanganya: neno moja tu. Akatupa jicho nyuma, walikosimama wenzake.

“Mwenyekiti, kuna tatizo?” mwenzake mmoja aliuliza kutoka nyuma.

“Hakuna.” Akamgeukia afisa. “Nina hakika, mwanangu.”

“Basi likate mwenyewe. Wewe ni fundi, mimi mkono wangu mzito.” Alimsogezea mkasi. “Popote mbele. Hata hapa chini patatosha.”

Chini, karibu na pindo! Hapo angekata, akaziba, na hata jicho la mwewe lisingegundua. Lakini mwenye sampuli ya kweli hachagui pa kukata, ndivyo alivyowaza, na aibu ikamshika mkono ikaupeleka juu. Aliingiza mkasi katikati ya maua. Maisha yake yote aliipenda sauti ya kitambaa kizuri kikikatwa. Siku hiyo alitamani asiisikie.

“Asante, mama,” afisa alisema, akiitazama meza.

Fundi Pindo alikuwa bado anakunja mzigo wake aliposikia mazungumzo ya meza ya jirani. Mwanamke fulani alikuwa amefungua begi, na juu kabisa kulikuwa na gauni la kijani, jipya.

“La nani hili?” afisa wa huko aliuliza.

“La mwanangu. Anaolewa.”

“Ni hili moja tu?”

“Moja tu.”

“Hongera, mama. Nguo moja ya zawadi haina ushuru. Pita.”

Fundi Pindo alitamani ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka. Badala yake mwenzake akamshika bega, sauti imejaa heshima. “Hata gauni zuri hivyo umelitoa kwa ajili yetu! Kwa kweli hatukukosea kukuchagua.”

Akaitikia kwa kichwa. Kuitikia huko kulimuaibisha kuliko uongo wenyewe.

Jioni, kabla hajavua viatu, binti yake alikuwa amekwisha kulitoa gauni mzigoni.

“Mama! Wamelikata?”

“Nimelikata mimi.”

“Wewe?”

“Kwa mkono wangu. Nilisema ni sampuli.”

Akamsimulia yote, mpaka lile gauni la kijani. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha cherehani na maneno yote aliiambia cherehani, maana uso wa mwanawe hakuuweza. Binti hakulia wala hakugomba. Heri angegomba. Alilichukua gauni akaingia chumbani, na mama akabaki kusikiliza kabati likifunguliwa na kufungwa.

Binti alipotoka alikuwa amelivaa. Kiuno kilikuwa mahali pake, mabega mahali pake, na kiganja chake kimoja amekitandaza kifuani, juu ya tundu.

“Limenikaa, mama,” alisema. “Hebu nifunge huku nyuma.”

Akageuka, kiganja hakikubanduka. Mama aliinuka akasimama mgongoni mwake, akavifunga vifungo kimoja kimoja kuanzia chini, kichwa amekiinamisha, ingawa hapakuwa na mtu wa kumtazama.