Mutumbwi Katikati ya Barabara

Leo sijakaa chini. Bibi yangu Domitille, mama ya mutoto wetu Chantal, ananiambia, "Baba Chantal, kaa basi, unanizungushia kichwa." Nakaa, nasimama tena, naenda kuchungulia barabara. Taksi-bisi ya Guelord itakuja ao haitakuja? Domitille iko na kidonda ku mguu, ile ya sukari, na muganga alisema wazi: kisipooshwa na kufungwa kila mara, mguu tutaukata. Hopitali ni mbali. Pikipiki hawezi kupanda, mguu haukunjiki.

Lakini nianzie kule mambo ilianzia.

Barabara yetu, wamotari, wale wa pikipiki, walikuwa wanapita kama wanakimbia moto. Walishaua mbuzi, kuku usiseme. Siku moja wakamugonga mutoto ya Mama Immaculée, akavunjika mukono. Immaculée njo yule anauza ndagala pa kona. Akasimama katikati ya barabara: "Nyinyi wanaume ya ziwani, munajua tu kuvuta nyavu! Mutoto yangu njo samaki?"

Ilituuma. Tukasema tuweke dodani, kale kamulima kanafanya gari ipunguze mbio. Simenti hatuna. Papa Pontien, muvuvi mwenzangu, akatoa mutumbwi yake ya mbao, ile ilichoka, tuuzike pale.

Sasa sikia ujinga yetu. Sisi wavuvi, mutumbwi ukitoka ku maji, mikono inaupindua yenyewe, tumbo, kule tunakaa, chini, mugongo juu, mvua isiingie. Hatukuwaza hata kidogo. Tukauzika vile vile, ule ubao ya mugongo ukabaki umesimama juu kama mwiba. Wamotari walipunguza kweli! Tukapongezana. Kesho yake taksi-bisi ikapanda, tumbo yake ikakwama pale, mafuta ikamwagika. Guelord akashuka, akainama, akaniangalia.

"Papa Cyprien, hii ni dodani ao ni mutego?"

"Ni dodani, mutoto yangu."

"Basi mupande humo, mupige kasia mpaka hopitali. Mimi hapa sirudi."

Na hakurudi. Anageukia kule chini ku lami, na Domitille hawezi kufika kule. Kidonda ikakaa bila kufunguliwa, harufu ikaanza. Yeye anasema si kitu, lakini anageuzia uso ku ukuta.

Nikaenda kwa Pontien. "Tuutoe."

Immaculée akasikia, akatokea na sufuria yake ku mukono. "Mukiutoa, munizike mimi pale!"

"Na bibi yangu akatwe mguu?"

"Na mutoto yangu avunjwe ule mukono ingine?"

Tukabishana mpaka jua ikatuchoma. Hakuna mwenye alikuwa na kosa. Pontien njo alichoka wa kwanza. Akasema, "Jamani, mutumbwi tuliupindua sababu ya mvua. Barabara inaogopa mvua?"

Tukageuka wote kuangalia ule ubao ya mugongo. Halafu Immaculée akacheka mpaka akaweka sufuria chini.

Tukafukua, tukaugeuza tumbo juu, tukakata mbao za pembeni, tukashindilia mawe na muchanga ya ziwa. Ikatoka kamulima kapana, kalaini. Jana jioni nikaenda kumuomba Guelord. Alikuwa chini ya gari, miguu tu inaonekana. Nikaongea na ile miguu. "Nitaona," ikajibu.

Njo maana sikai.

Honi! Natoka mbio, kandambili moja inabaki ndani. Taksi-bisi inakuja polepole, inasimama mbele ya mutumbwi. Guelord anashuka, anakanyaga mawe kwa kisigino, anakanyaga tena.

"Pita, mwoga wewe!" Immaculée anapiga kelele toka kona. "Wenzako wa pikipiki wanapita na adabu!"

Gurudumu za mbele zinapanda, zinashuka. Za nyuma pia. Hakuna kitu imekwaruza.

"Mama Domitille iko tayari?"

Iko tayari tangu asubuhi sana, amejifunga kikwembe yake mupya. Mimi na Pontien tunamubeba, tunamuweka ku kiti ya mbele. Naingia nyuma yake.

"Sasa umekaa," ananiambia.

Nimekaa, ndiyo. Lakini ku ncha ya kiti tu, na sitaegemea mpaka muganga afungue ile kitambaa ya kidonda, aniambie kama mguu unabaki.