Waliosimama Nyuma Yangu

Uchaguzi wa serikali za mitaa ulipokaribia, vijana wa hapa Kaole waliniomba niwape mawaidha kuhusu kiongozi bora. Nikavimba kichwa. Mimi ni imamu wa msikiti huu mdogo kwa miaka ishirini na sita. Wangemwomba nani mwingine? Baada ya sala ya Ijumaa nikasimama nikasema weee: uadilifu, subira, kuwasikiliza wadogo. Nikawakumbusha kwamba figa moja haliinjiki chungu. Najim, mwenye duka la mabati na misumari, alinirekodi kwenye simu akatuma kwenye kundi la WhatsApp la msikiti, watu wakajaza alama za mikono ya dua. Siku hiyo nililala usingizi mzuri.

Ninayotaka kuyasema sasa sikuyasema siku ile.

Tangu mke wangu Mwanamvua afariki, miaka miwili iliyopita, nyumba yangu ina vyumba vitatu na mimi. Napika uji, unaungua, nakunywa hivyo hivyo. Zamani yeye alikuwa akisali nyuma ya pazia, upande wa wanawake, na tukirudi nyumbani ananiambia huku anachambua mchele kwamba leo nimewasalisha mbio, nilikuwa nafukuzwa na nani? Mimi nanuna, yeye anacheka. Alipoondoka, hakuna tena aliyeniambia lolote kuhusu sala yangu. Nikachukulia kwamba nimekuwa hodari.

Kilichonisumbua ni kwamba watu hawakai. Miaka ya nyuma tukimaliza alasiri tulikuwa tunajazana kwenye baraza ya msikiti, kahawa na kashata, mabishano ya Simba na Yanga mpaka adhana ya magharibi. Siku hizi nikitoa salamu, nikigeuka, naona migongo. Nikalaumu simu. Nikalaumu mpira wa Ulaya. Nikawa napika kahawa mwenyewe, nakaa pale barazani na birika na vikombe sita, halafu naimwaga ikiwa imepoa. Niseme ukweli, nilikuwa mpweke mpaka nikawa namsalimia paka wa msikiti.

Alasiri moja ya mvua Najim alisahau mwavuli wake msikitini. Nikaona nimepata kisingizio cha kuzungumza na mtu, nikamfuata kwake. Mlango ulikuwa wazi. Nilimkuta sebuleni juu ya mkeka, anasali. Nikasimama kizingitini na mwavuli wake mkononi, nikahesabu: rakaa nne. Baada ya alasiri hakuna sunna, kila mtoto wa madrasa anajua. Ile ilikuwa faradhi, ile ile tuliyotoka kuisali pamoja.

Alipotoa salamu akaniona, akashtuka kama mtu aliyekutwa anakula mchana wa Ramadhani. Shikamoo ikamtoka mara mbili. Nikamuuliza anasali nini. Akautazama mkeka. Nikamuuliza tena, kwa ile sauti yangu.

"Leo umetusalisha tano, sheikh," akasema.

Nikamwambia haiwezekani. Akasema, polepole, kwamba Jumatatu zilikuwa tatu. Na kwamba si yeye peke yake. Wengi wao, mwaka wa pili huu, wakitoka kwangu huenda kusali upya majumbani mwao.

Asiyejua taratibu zetu aelewe. Imamu ni mtu, husahau. Akisahau, mwanamume aliye nyuma yake anasema Subhanallah, mwanamke anapiga kofi, naye anajirekebisha. Lakini ukijua kwamba amezidisha, nawe ukamfuata makusudi, sala yako imeharibika. Watu wangu walikuwa wanajua, wananifuata, kisha wanakimbia nyumbani kuanza upya. Walikuwa wananistahi, au wananiogopa.

"Kwa nini hamkunikumbusha?"

"Kibwana alikukumbusha," akasema Najim.

Nikauegemeza mwavuli ukutani nikarudi kwangu na mvua ikinipiga.

Kibwana ni fundi cherehani. Alikuwa akisali safu ya kwanza, nyuma ya bega langu la kulia. Miaka minne iliyopita, katika alasiri kama hiyo, nilikaa kitako kumaliza sala, akasema Subhanallah. Nilikuwa na uhakika wangu, sikuinuka. Akarudia. Nikatoa salamu, nikageuka, nikamwambia mbele ya safu zote: "Kibwana, ukiona unajua kuliko mimi, njoo mbele usalishe wewe."

Akainamisha kichwa. "Nisamehe, sheikh," akasema, akaokota malapa yake akatoka. Tangu siku hiyo anasali mjini Bagamoyo, alikohamishia cherehani yake.

Na hili ndilo nililolificha. Siku ile, kabla sijafika nyumbani, nilikwishajua kwamba Kibwana alisema kweli. Nilizihesabu rakaa njiani, zikawa tatu. Nikajifungia chumbani nikasali upya peke yangu, nikawaacha wale wengine na tatu zao. Mwanamvua hakwenda msikitini siku hiyo, nilipomweleza akasema nimfuate Kibwana kabla usiku haujaingia. Nikamwambia kesho. Kesho yake nikasema kesho.

Sasa nilikwenda. Asubuhi nikapanda bodaboda mpaka mjini, nikamkuta Kibwana anashona kola ya kanzu. Akaniamkia, nikaitikia marahaba, nikakaa kwenye kigoda cha wateja nikamweleza yote, mpaka ile sala ya chumbani. Akauondoa mguu kwenye pedali.

"Nilijua unajua," akasema. "Nilingoja uje. Mwezi ule wa kwanza, kila bodaboda ikisimama nje nilikuwa nachungulia."

Nikamwomba radhi, akanisamehe. Akaagiza chai na maandazi, akalipa yeye. Nikamwomba arudi kwenye safu yake. Akasema huku keshazoea, na watoto wanasoma madrasa ya hapo jirani. Alisema kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko kama angenitukana. Akanisindikiza mpaka barabarani akanitafutia dereva asiyeendesha kwa fujo.

Ijumaa nikasimama mahali pale pale nilipoelezea kiongozi bora. Safari hii sikuwa na hotuba. Nikawaambia habari ya Kibwana, nikawaambia nimezeeka na nasahau, nikawasihi wanikumbushe. Nikasema wakitaka imamu mwingine wamtaje, nitasali nyuma yake. Wakanong'ona inshallah, Mungu akuweke sheikh. Hakuna aliyenitazama machoni, na simu ya Najim ilibaki mfukoni. Moyoni nikaweka ahadi: nikikosea tena nao wakanyamaza, hiyo itakuwa sala yangu ya mwisho mbele yao.

Siku ya nne, alasiri, nikainuka kutoka sijida nikasimama, na mara tu magoti yaliponyooka nikaingiwa na shaka. Ya nne au ya tano? Nikasikiliza. Nyuma yangu mtu mmoja alikohoa. Basi. Nikaanza Alhamdu polepole kuliko nilivyowahi kuisoma, na kila aya nikaona naaga mahali pale. Nilijua kwamba watu hawa si waovu. Midomo yao niliifunga mimi, kwa sentensi moja, miaka minne iliyopita.

Nyuma ya pazia likalia kofi. Lilikuwa dogo, kama la mtu anayeua mbu. Kisha la pili, na hilo lilikuwa na nguvu zaidi.

Nikakumbuka papo hapo: ya tano. Nikakaa, nikaleta sijida mbili za kusahau, nikatoa salamu, nikageuka.

"Nani amepiga kofi?"

Wallahi nilitaka kumshukuru. Lakini sauti yangu haijui kuuliza jambo ila hivyo, na niliisikia mwenyewe ikigonga ukuta. Wanaume wakatazama mikeka. Pazia halikutikisika. Kisha ikatoka sauti ya Bi Dija, mama mtu mzima anayeuza vitumbua njia ya kwenda magofuni, mwanamke ambaye sijawahi kuzungumza naye zaidi ya salamu.

"Nisamehe, sheikh," akasema.

Maneno yale yale ya Kibwana.

"Usiniombe radhi, Bi Dija," nikamwambia. "Mimi ndiye wa kuomba. Kesho nikikosea, piga tena."

Nikasikia anatafuta viatu vyake, mlango wa nyuma ukafunguka na kufungwa. Huenda hakuniamini, na simlaumu.

Nikageukia kibla, nikakaa hivyo kwa muda, nikiwapa nafasi waondoke bila kunitazama. Nilipogeuka nilitazamia migongo. Wote walikuwa wamekaa. Najim alikuwa amekunja miguu, anavuta tasbihi bila haraka, na mzee mmoja nyuma yake akauliza kama leo kuna kahawa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba siku hiyo hakuna aliyekuwa na sala ya kurudia nyumbani.